Baba Atarudi, Baba Hatarudi: Kuhariri Hadithi Ambayo Watu Wameshaisoma

Hotuba kwa waandishi chipukizi waliokutana Tanga

Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Waandishi wenzangu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie uandishi wa mtandaoni, nikaachiwa nichague upande. Katika mikutano kama hii tunafundishana sana namna ya kuanza: namna ya kumnasa msomaji tangu aya ya kwanza, namna ya kuikata sura pale palipo patamu ili mtu asilale. Ni elimu nzuri, nami nimenufaika nayo. Lakini kuna sehemu tunairuka, nayo ndiyo iliyoniumiza kuliko zote. Ni pale sura imeshatoka, watu wameshaisoma, wengine wameshalia nayo, halafu wewe unarudi kuigusa. Na ukiwa unaandika na mwenzako, mkono unaorudi kuigusa unaweza usiwe wako.

Nianze na herufi moja.

Kuna hadithi ya mfululizo niliyoiandika pamoja na dada mmoja wa Mombasa. Jina lake silitaji, ingawa ameniruhusu kuyasimulia haya. Mimi niko hapa Tanga, yeye yuko Majengo, na hadi tunafika nusu ya hadithi tulikuwa hatujaonana kwa macho. Tulikuwa tunapokezana: wiki hii sura yangu, wiki ijayo yake, na kila Ijumaa usiku tunaipandisha. Hadithi ilimhusu binti anayeitwa Rehema, ambaye baba yake alipanda jahazi kwenda Pemba, akakawia, siku zikawa miezi. Sura ya saba ilikuwa zamu yangu. Niliimaliza na mama yake Rehema akiwa amekaa mkekani, kibatari kinakaribia kuzima, anamwambia mwanawe: “Nimeota mara tatu, mwanangu. Baba hatarudi.”

Hivyo ndivyo nilivyokusudia. Nilichokiandika kwenye simu, saa sita usiku, ni “Baba atarudi.”

H ilidondoka. Katika Kiswahili herufi hii, ambayo wengi wetu tunaimeza tunapozungumza, ndiyo inayobeba kukanusha. Hatakuja na atakuja. Hatampenda na atampenda. Hangesema na angesema. Ukikosea herufi nyingine, tuseme umeandika “kibatali” badala ya “kibatari”, msomaji anaona kosa, anasamehe, anaendelea. Ukidondosha h mahali pale, haoni kosa lolote. Anasoma sentensi safi kabisa, inayosema kinyume cha ulichotaka kusema.

Jumamosi asubuhi wasomaji wetu waliamka na furaha. Maoni yalikuwa mengi kuliko ya sura yoyote iliyotangulia. Kuna mama aliyeandika kwamba mumewe ni baharia, na kwamba ameisoma sentensi ile ya mwisho mara nne, kisha akamsomea mwanawe. Mimi niliiona Jumapili usiku. Nikafungua sura, nikaweka h mahali pake, nikahifadhi, nikalala. Haikuchukua hata dakika moja. Sikumwambia msomaji yeyote, na sikumwambia mwenzangu.

Hebu tazameni nilichokifanya. Chini ya sura kulikuwa na watu kadhaa wanaoshangilia kwamba baba anarudi, na juu yao sasa kuna mama anayesema baba harudi. Anayeingia Jumatatu anasoma sura, anasoma maoni, anajiuliza hawa wenzake wamesoma nini. Watu waliosoma vizuri nikawafanya waonekane hawajui kusoma. Yule mama wa baharia nikamwacha na furaha ambayo sikumwambia kuwa nimeiondoa. Na tayari sura ilikuwa imeshanakiliwa kwenye magrupu ya WhatsApp kama tunavyojua inavyofanyika, kwa hiyo kulikuwa na hadithi mbili zinazotembea: moja baba anarudi, moja harudi. Haikufika jioni mtu akaweka picha mbili za skrini, ya Jumamosi na ya Jumatatu, ubavu kwa ubavu, akauliza kama tunawachezea.

Aliyeulizwa kwanza alikuwa mwenzangu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa hewani. Akajibu kwa moyo mweupe kwamba hakuna kilichobadilishwa, someni vizuri. Wakamwita mwongo. Tena kulikuwa na zaidi ya hapo. Alikuwa ameshaandika nusu ya sura ya nane. Naye alikuwa ameisoma “atarudi” ile Ijumaa usiku, akadhani nimeamua kubadilisha mkondo tuliokubaliana, na badala ya kunigombeza akaupokea: akaandika Rehema anaifua kanzu ya baba yake ya Ijumaa, anaianika, anaipasi kwa pasi ya mkaa, anaitundika.

Aliponipigia simu hakupaza sauti. Alisema, “Kakangu, ungenambia tu, ningejua la kuwajibu watu.”

Ndugu zangu, tangu siku hiyo nimeacha kuamini kwamba sura niliyoichapisha ni mali yangu ya kuchezea usiku. Naweza kuihariri, ndiyo. Nina haki hiyo, na mara nyingine nina wajibu. Ninachokosa ni haki ya kuibadilisha kimyakimya, kana kwamba haikuwahi kusomwa.

Wakubwa zangu hapa wanakumbuka hadithi za magazetini. Ulikuwa unafika chini ya ukurasa unakuta “itaendelea toleo lijalo”, unakunja gazeti, unasubiri wiki. Mwandishi akikosea, kosa limeshachapwa. Hawezi kuingia kwenye nyumba za watu usiku kufuta. Alilazimika kungoja toleo linalofuata, mhariri aweke kisanduku cha masahihisho na neno la kuomba radhi. Karatasi ndiyo iliyomfanya awe mkweli, apende asipende. Skrini imetuondolea lazima hiyo, na sisi tumeichukulia kama zawadi. Mimi naona ni mzigo tumekabidhiwa: ukweli ule uliokuwa unalindwa na karatasi sasa unatakiwa ulindwe na mwandishi mwenyewe.

Na wala si jambo geni kwetu. Kabla ya mitambo ya kuchapa, tenzi zetu za pwani zilikuwa zinanakiliwa kwa mkono, kwa hati za Kiarabu, kutoka Lamu, Pate, Mombasa. Kila anayenakili anaweza kuruka ubeti, kuongeza ubeti, kurekebisha neno lisilomkaa mdomoni. Watunzi walilijua hilo. Ndiyo maana utakuta wengi wao wanafunga utenzi kwa kutaja jina lao, mwaka waliotunga, na wengine hata idadi ya beti. Tukisoma shuleni tunaipita ile idadi kama pambo. Ilikuwa kufuli. Ukipata nakala, ukahesabu, ukakuta beti zimepungua mbili au zimezidi tatu, umeshajua kuna mkono mwingine umepita hapa. Mtunzi alikuwa ameshakufa, na bado alikuwa anamwambia msomaji namna ya kuikagua kazi yake.

Nikiangalia tovuti za leo, naona baadhi zimejenga kufuli hiyo ndani na nyingine zimetuachia sisi. Wikipedia ya Kiswahili, inayoandikwa tangu mwaka 2003, kila ukurasa wake una historia: nani alibadilisha, saa ngapi, alitoa nini, aliweka nini. Ukitaka kurekebisha nukta, kuna mahali pa kuandika sababu kwa ufupi, na kuna kisanduku cha kuonyesha kwamba badiliko ni dogo. Hata dogo linaandikwa. Sasa linganisha na majukwaa ya hadithi. Wattpad, iliyoanza Kanada mwaka 2006, inamruhusu msomaji kuacha maoni pembeni ya aya moja moja. Ni raha kubwa kwa mwandishi, unaona kabisa mtu alicheka wapi na alikasirika wapi. Lakini maana yake ni kwamba ukiigusa aya, unagusa na maneno ya mtu aliyeketi pembeni yake. Archive of Our Own, ambayo wapenzi wa hadithi za mashabiki, zile ambazo shabiki anawatungia wahusika wa kazi ya mtu mwingine, waliifungua kwa umma mwaka 2009 na ikapata tuzo ya Hugo mwaka 2019, inakuruhusu uhariri kazi yako wakati wowote, lakini haimwonyeshi msomaji toleo la jana. Mahali kama hapo daftari la mabadiliko ni juu yako. Kuna nafasi ya maelezo mwanzoni na mwishoni mwa kila sura. Itumieni.

Na msidhani la zamani limepotea kwa sababu wewe hulioni. Tangu mwaka 2001 mtambo wa kumbukumbu wa Internet Archive umekuwa ukimwezesha yeyote kutazama kurasa zilizohifadhiwa kama zilivyokuwa zamani. Na kuliko mtambo huo, wapo watu wetu wanaonakili sura nzima na kuituma kwenye grupu la familia. Ukifuta jina la mhusika kwako, huko linaendelea kuishi. Ukibadilisha mwisho, mwisho wa kwanza unabaki kwenye simu ya mtu Kigoma. Kinachotofautisha kuhariri na kudanganya ni kwamba wewe umesema.

Mtaniuliza, basi kila nukta nitangaze? Hapana. Kuna mabadiliko ya kufuta vumbi: herufi iliyojirudia, nafasi iliyokosekana, “r” na “l” zilizobadilishana viti. Hayo yafanyeni na msimsumbue mtu. Kipimo changu ni swali hili: aliyesoma jana akisoma leo, atajua kitu ambacho jana hakukijua, au kitu alichokijua jana kitageuka uongo? Kama jibu ni ndiyo, andika neno juu ya sura. Ndiyo maana h yangu, ambayo kwa macho ni ndogo kuliko zote, haikuwa vumbi. Na kuna badiliko zito zaidi, la kugeuza mwisho wa hadithi iliyokwisha kwa sababu wasomaji wamelalamika au kwa sababu wewe umekua na ladha yako imebadilika. Hilo kwa kweli mimi silishauri. Mwisho wa kwanza uacheni ulipo. Kama moyo unakusukuma sana, toa toleo la pili, liite toleo la pili, na la kwanza libaki linapatikana. Kijana aliyelia nayo akiwa na miaka kumi na saba ana haki ya kurudi akiwa na thelathini akaikuta.

Kuna jingine linalowapata waandishi wanaopata bahati ya kuchapishwa kitabu baada ya kuandika mtandaoni. Mchapishaji anaweza kutaka sura ziondolewe mtandaoni, au abakize chache. Sawa, ni biashara. Lakini msiondoe usiku wa manane bila kuwaaga walioisoma bure kwa miaka miwili. Wao ndio waliokufanya uonekane.

Sasa nije kwenye kuandika na wenzetu, ambako ndiko nilikotaka kufika tangu mwanzo.

Katika sura ya nne, kabla ya balaa la h, zamu ilikuwa ya mwenzangu. Aliandika Rehema yuko kwa shangazi yake Mombasa. Asubuhi wanakula mahamri na mbaazi. Shangazi anasema, “Stima imepotea tangu alfajiri.” Mimi nikaingia kwenye faili tuliyokuwa tunaichangia, nikaona kazi yangu ni kusawazisha lugha ili hadithi nzima isomeke kwa sauti moja. Mahamri nikayafanya maandazi. Stima imepotea nikaifanya umeme umekatika. Nikajiona nimesaidia.

Akaniandikia: “Kakangu, mahamri si maandazi. Mahamri yana tui na iliki, yamefura, ukiyapasua ndani wazi, unachotea mbaazi. Na shangazi wa Majengo asemaye umeme umekatika, huyo si shangazi wa Majengo, huyo ni wewe umevaa buibui lake.”

Nilirudisha yote. Na nikajifunza kwamba mnapoandika wawili, kuna makosa ya mwenzako na kuna sauti ya mwenzako, na kwa macho ya mtu mwenye haraka vinafanana sana. Yeye wa Kenya, mimi wa Tanzania. Matatu kwake, daladala kwangu. Mwingine atakuwa Bujumbura, mwingine Lubumbashi, mwingine Maskati, na kila mmoja ana Kiswahili chake cha nyumbani. Ukikisawazisha chote kikawa cha kitabu cha darasa la sita, umepata hadithi isiyo na makosa na isiyo na mtu ndani.

Kwa hiyo mimi na yeye tuliweka utaratibu. Tunaandika rasimu kwenye Google Docs, na kwenye sura ya mwenzako huhariri moja kwa moja. Unaweka faili katika hali ya kupendekeza, ambapo neno ulilolitoa linabaki limepigwa mstari na uliloliweka linaonekana kwa rangi, na mwenye sura ndiye anayekubali au kukataa. Pendekezo lisilo na sababu halipokelewi. “Hii haijakaa vizuri” si sababu. “Ukurasa wa pili ulisema shangazi ni mjane, hapa unamtaja mumewe yuko dukani” ni sababu. Inachukua muda. Kuna sura moja tulibishana siku tatu kuhusu neno “asteaste”. Sijutii hata saa moja ya zile.

Washairi wa pwani wana takhmisi. Mshairi anachukua utungo wa aliyemtangulia, na kila mishororo miwili anaitangulizia mitatu ya kwake, ubeti unakuwa wa mitano. Ana uhuru wa kusema yake, lakini vina vya mtangulizi vinamwongoza, na mishororo ya mtangulizi haiguswi. Anayeijua sanaa hiyo anatambua huyu anaishia wapi na yule anaanzia wapi, na bado ubeti ni mmoja. Nilipomweleza mwenzangu, akacheka akasema basi hilo ndilo tunalolitafuta na simu zetu.

Mbali na maneno, kuna funguo. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu nimeona urafiki wa miaka ukifa kwa jambo hili. Kwenye majukwaa mengi akaunti ni ya mtu mmoja, ina baruapepe moja na nenosiri moja. Mnaandika wawili, lakini kwa macho ya tovuti mwandishi ni mmoja. Siku mkikosana, mwenye nenosiri anabaki na sura zote, maoni yote, na wasomaji wote. Mwingine anabaki na picha za skrini. Kwingine mambo yako tofauti. Archive of Our Own unaweza kumwalika mwenzako awe mtunzi mwenza, na akishakubali jina lake linakaa pamoja na lako, na mamlaka yake ni sawa na yako: anaweza kuhariri, kuongeza sura, hata kuifuta kazi nzima. Ni nyumba moja yenye funguo mbili zinazofungua kila chumba. Pale pale kuna kitu wanakiita kuiacha kazi yatima: unaondoa jina lako, maandishi yanabaki, na huwezi kuyadai tena kwamba ni yako. Nimelipenda neno hilo kwa uzito wake. Jiulizeni kabla ya sura ya kwanza: mmoja wetu akichoka, anaondoka na nini? Sura zake zinabaki? Jina lake linabaki? Mhusika aliyembuni yeye, mwingine anaweza kumuua?

Mtaona aibu kuulizana. Mtasema sisi ni kama ndugu. Hata ndugu wakirithi shamba wanaita wazee na kupanda mipaka. Andikeni ujumbe mmoja tu, hata wa WhatsApp, wenye majibu, kila mmoja ajibu “nimekubali”, muuhifadhi.

Sheria ipo upande wenu, ila haitawafanyia kazi ya kuzungumza. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Kenya wana yao ya mwaka 2001. Zote zinaitambua kazi iliyotungwa na watu wawili au zaidi kwa pamoja. Ulinzi wake unadumu maisha ya watunzi na miaka 50 baada ya kufa yule aliyebaki wa mwisho. Fikirieni muda huo. Hadithi mnayoigombania leo kwenye simu ya laki mbili itawahusu wajukuu wenu. Na mbali na haki ya fedha kuna haki ya jina: kutajwa kwamba wewe ni mtunzi, na kupinga kazi yako isiharibiwe kwa namna ya kukuvunjia heshima. Kwa hiyo anayefuta jina la mwenzake kwenye jalada baada ya ugomvi hajafanya utani.

Fedha nitazipitia haraka, kwa sababu tatizo lake ni jepesi kulieleza. Wengi wenu mnauza sura kwa WhatsApp, msomaji anatuma shilingi elfu moja kwa simu, mnampa sura tano. Pesa ya simu inaingia kwenye laini moja, na laini imesajiliwa kwa jina la mtu mmoja. Mwenye laini awe na daftari, na mwenzake alione kila mwisho wa wiki, hata kama kilichoingia ni nauli tu. Mimi na mwenzangu hatukuuza, kwa hiyo hapo sina ushuhuda wangu. Lakini waliougombania mgawo nimewasuluhisha, na kila mara kilichokosekana kilikuwa daftari.

Narudi kwenye ile Jumatatu, maana sijawaambia iliishaje.

Tulizungumza kwa simu hadi salio likaisha, tukaendelea kwa ujumbe wa sauti. Mimi nilitaka tubaki na “hatarudi” kwa sababu hadithi nzima ilikuwa imepangwa juu yake. Yeye alisema watu wameshapewa “atarudi”, na kumnyang'anya mtu tumaini ulilompa wewe mwenyewe ni jambo la kufikiria mara mbili. Tulikuwa sahihi wote. Hatimaye tuliandika maneno haya juu ya sura ya saba, na yapo hadi leo:

“Sura hii ilisahihishwa baada ya kuchapishwa. Sentensi ya mwisho ilisomeka ‘Baba atarudi’. Iliyokusudiwa ni ‘Baba hatarudi’. Maoni yaliyoandikwa kabla ya sahihisho yanahusu sentensi ya kwanza. Kosa lilikuwa la mwandishi, walioisoma waliisoma sawasawa. Tunawaomba radhi.”

Yule mama wa baharia nilimwandikia peke yake. Alichonijibu kinabaki baina yetu.

Kisha mwenzangu akaomba siku mbili na sura yake ya nane. Aliporudi nayo, kanzu ilikuwa bado imo. Rehema anaifua, anaianika, anaipasi. Mama anaingia, anauliza kwa nini anahangaika na nguo ya mtu ambaye hayupo. Binti anamjibu: “Si wewe mwenyewe uliniambia usiku? Ulisema baba atarudi.” Na hapo mama anakumbuka kwamba yeye, kama watu wote wa mtaa wao, h huwa anaimeza. Anakaa kitandani. Hamsahihishi mwanawe.

Ukurasa ule niliusoma nikiwa stendi, nikapitwa na gari. Kosa langu la saa sita usiku alilichukua akalitia ndani ya hadithi, likawa ndilo jeraha la mama yule kwa sura ishirini zilizofuata. Mimi peke yangu nisingeliweza hilo. Mhariri wa kulipwa asingelifanya, kwa sababu yeye angeondoa kosa na kuendelea. Lilihitaji mtu anayeipenda hadithi kama mimi ninavyoipenda, na anayeiona kutoka ng'ambo ya pili. Hadithi iliisha ikiwa na sura thelathini na nne. Chini ya ya mwisho tuliandika majina yetu mawili, mwezi na mwaka, na idadi ya sura, kama walivyofanya wenye tenzi.

Nimeambiwa tuna saa moja kabla ya chakula, na nisingependa tuimalize kwa mimi kuongea. Toeni simu zenu. Kila mmoja afungue sura moja aliyokwisha kuichapisha, ile iliyosomwa zaidi kuliko zote. Wanaoandika wawili wakae pamoja. Tafuteni sentensi moja mnayotamani kuibadilisha. Msiiguse bado. Chukueni kalamu, iandikeni kwenye karatasi kama ilivyo leo, na chini yake mwandike tarehe.